Skip Bertman na Kazi Iliyozaa Mataji

Skip Bertman anapotajwa katika besiboli ya vyuo vikuu vya Marekani, watu huanza kwa kuhesabu mataji ya taifa: 1991, 1993, 1996, 1997 na 2000, yote akiwa kocha wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, LSU, mjini Baton Rouge. Ni heshima anayostahili, kwa kuwa makocha wengi hodari hustaafu bila kulionja hata moja. Hata hivyo, naamini kwamba mataji hayo yamefunika kazi iliyoyazaa, yaani kazi ya kutafuta watu na fedha, ambayo Bertman aliifanya miaka mingi kabla ya kukabidhiwa ofisi ya mkurugenzi wa michezo mwaka 2001.

Mkurugenzi wa michezo katika chuo kikuu kikubwa cha Marekani si mwalimu anayeratibu bonanza la wanafunzi. Anaongoza idara yenye bajeti ya mamilioni ya dola, anaajiri na kuachisha makocha, anajenga viwanja na kuwashawishi wafadhili. Futiboli ya Kimarekani ndiyo inayolisha nyumba nzima, ilhali besiboli, katika vyuo vingi, hutumia zaidi ya inachoingiza. Kanuni za miaka ya 1990 zilimpa kocha wa besiboli ufadhili wa masomo unaolingana na nafasi 11.7 tu kwa kikosi kizima, kwa hiyo mchezaji mmoja alipewa nusu, mwingine robo, na mwingine hakupewa chochote. Kocha wa mchezo huo hakuwa na budi kuwa mhasibu.

Bertman, aliyezaliwa Detroit mwaka 1938 na kukulia Miami Beach, alipata malezi yaliyomfaa kwa hali hiyo. Baada ya kuipa shule ya sekondari ya Miami Beach ubingwa wa jimbo la Florida mwaka 1970, alikwenda kuwa msaidizi wa Ron Fraser katika Chuo Kikuu cha Miami, ambacho kilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1982. Fraser alikuwa kocha mkubwa, lakini pia alikuwa mtu wa kubuni njia za kuvuta watu uwanjani, hata akaandaa karamu ya kifahari juu ya uwanja wenyewe ili kuchangisha fedha. Mwanafunzi wake aliona yote hayo, na alipoanza kazi LSU msimu wa 1984 akayahamishia Louisiana. Kufikia 1996 LSU ilikuwa ikiongoza nchi nzima kwa mahudhurio ya besiboli ya vyuo, na ikaendelea kuongoza mwaka baada ya mwaka.

Uwanjani pia hakung'ang'ania alichokizoea. Alikuwa bingwa wa kufundisha warushaji, yaani wanaomrushia mpigaji mpira, na ishara za kila mpira wa kurushwa zilitoka kwake. Lakini timu yake ya 1997 ilisifika kwa wapigaji, ikavusha mipira 188 nje ya uzio (home run) kwa msimu mmoja, rekodi ya vyuo vikuu. Fainali ya 1996 dhidi ya Miami, timu ambayo Fraser aliwahi kuifundisha, iliamuliwa na Warren Morris, kijana aliyekosa sehemu kubwa ya msimu kwa jeraha la mkono, ambaye alivusha mpira wake wa kwanza wa mwaka huo wakati LSU ikiwa nyuma na kutolewa kwa mpigaji mmoja tu zaidi kungeipa kipigo, ikashinda 9–8.

Alipokuwa mkurugenzi, uamuzi wake uliozua manung'uniko zaidi ulikuwa kuwataka wenye tiketi za msimu za futiboli watoe mchango juu ya bei ya kiti. Nawaelewa waliokasirika, maana kiti kilichorithiwa kutoka kwa babu si bidhaa tu, na mchango wa namna hiyo humuumiza zaidi shabiki wa kipato kidogo. Hata hivyo namtetea Bertman. Idara isiyotaka kuwa mzigo kwa bajeti ya masomo ina sehemu chache sana za kwenda kuomba, na yeye alikuwa amekwisha kujenga imani ya watu hao kwa miaka 18 kabla ya kuwaomba zaidi.

Mtihani mgumu zaidi, kwa maoni yangu, ulikuja katika besiboli yenyewe. Mrithi wake, Smoke Laval, alikuwa msaidizi wake wa miaka mingi na chaguo lake mwenyewe. Laval aliifikisha timu Omaha, kwenye mashindano ya ubingwa wa taifa, mwaka 2003 na 2004, lakini mwaka 2006 ilipokosa hata hatua ya kwanza ya mtoano, akaondoka. Kumwachia mtu wa karibu namna hiyo aende, katika mchezo ulioandikwa kwa jina lako, ni jambo ambalo wakurugenzi wengi wangeliahirisha kwa mwaka mmoja au miwili. Bertman alimwajiri Paul Mainieri kutoka Chuo Kikuu cha Notre Dame, akastaafu mwaka 2008, na mwaka uliofuata Mainieri akatwaa taji la sita la LSU, katika msimu wa kwanza wa uwanja mpya wa Alex Box, uliopangwa Bertman alipokuwa bado ofisini. Mimi ningelihesabu taji hilo pamoja na yale matano.