Anguilla: walioasi ili watawaliwe?

Katika simulizi za uhuru wa visiwa vya Karibi, Anguilla hupewa aya moja, tena ya kuchekesha. Kisiwa cha watu 6,000 hivi, mwaka 1967, kiliwafukuza polisi wa St Kitts, kisiwa kilichokitawala, ambacho serikali yake iliongozwa na Weusi wenzao, kisha kikaomba kiwe chini ya Mwingereza. Mwingereza alikuja kweli, miaka miwili baadaye, na askari wa miavuli. Wenye kucheka walicheka, na wapenda ukombozi wakaona haya, maana Jamaica na Trinidad zilikuwa zimeshajitawala tangu 1962, na Barbados ilipandisha bendera yake Novemba 1966. Hawa nao wana nini?

Tuanze na hesabu. Tarehe 11 Julai 1967 Waanguilla walipiga kura ya maoni: wajitenge na St Kitts au la. Waliotaka kujitenga walikuwa 1,813. Waliokataa, watano.

Matokeo ya namna hii humfanya msomaji makini akunje uso. Tumezizoea kura za asilimia 99 kwa watawala ambao jina lao huwa peke yake kwenye karatasi. Lakini hapa hapakuwa na mtawala wa kumwogopa. Polisi walikuwa wameshapakiwa ndegeni na kurudishwa kwao tangu 30 Mei, jeshi halikuwapo, na kamati iliyosimamia kisiwa haikuwa na hata gereza la maana. Unaweza kusema, na si uongo, kwamba kwenye kisiwa ambako kila mtu anajua mashua ya mwenzake ni ipi, kusema hapana hadharani ni kazi ngumu. Nakubali. Basi tazama kura ya pili, ya Februari 1969. Kati ya kura hizo mbili St Kitts ilikuwa imewakatia huduma ya posta na kuwazuilia fedha, na muda ulikuwa umetosha mtu kujuta. Kura zikawa 1,739 kwa 4. Juu ya wale watano, hata mmoja hakuongezeka.

Na maswali yenyewe yalikuwa nini? La kwanza halikuuliza kama wanampenda Malkia. Liliuliza kama wanataka kuendelea kutawaliwa kutoka Basseterre, mji mkuu wa St Kitts. La pili lilihusu kuwa jamhuri. Ndiyo, jamhuri! Watu wanaosimuliwa kama wapenzi wa mkoloni walipiga kura ya kuwa jamhuri wiki sita kabla ya huyo mkoloni kutua ufukweni kwao na bunduki. Sehemu hii huachwa nje ya ile aya ya kuchekesha.

Mzizi wa mambo uko ardhini. Walowezi wa Kiingereza walifika Anguilla mwaka 1650 wakitokea St Kitts. Wakajaribu tumbaku, pamba, mwishowe miwa. Lakini kisiwa ni kikavu, ni chokaa tupu juu ya mawe, na mvua yake haina ahadi. Miwa iligoma. Wenye mashamba wakaondoka mmoja mmoja, na watumwa walioachwa huru katika miaka ya 1830 pamoja na watoto wao wakajipatia vipande vya ardhi. St Kitts ilikuwa kinyume kabisa: udongo wa volkano, mvua, na miwa kutoka pwani hadi miguuni mwa mlima. Huko mtu mweusi alitoka utumwani akaingia kwenye kibarua cha shamba lile lile.

Ndiyo maana Mwanguilla wa kawaida alikuwa na kiwanja chake, mbuzi wake na fungu katika mashua. Pale Sandy Ground watu walivuna chumvi kwenye bwawa lililo nyuma ya ufukwe, wakiingia majini kuichota na kuirundika kwenye vikapu. Wanaume walipanda majahazi kwenda kukata miwa Santo Domingo, na msimu ulipokwisha manahodha walishindana nani atafika nyumbani kwanza. Mashindano hayo ya mashua mpaka leo ndiyo mchezo wa taifa. Mtu wa namna hii hakuwa tajiri; njaa aliijua vizuri. Ila hakuzoea kumwita mtu bwana.

Uingereza haikuyatazama hayo. Mwaka 1825 iliifunga Anguilla kwenye bunge la St Kitts kwa sababu ya urahisi wa makarani, ingawa visiwa hivyo viko kilomita zaidi ya 100 mbali, na kati yao kuna visiwa vya Mfaransa na Mholanzi. Kufikia 1872 Waanguilla walishaandika ombi wafunguliwe. Halikusikilizwa. Kwa hiyo anayesema mgogoro huu ulizuka 1967 kwa sababu ya wakorofi wachache amechelewa kufika kwenye habari hii kwa karibu miaka mia.

Sasa upande wa pili, ambao haukuwa wa kipuuzi. Robert Bradshaw, waziri kiongozi wa St Kitts, alizaliwa 1916 kati ya watu wa miwa. Alitokea kwenye chama cha wafanyakazi, na mwaka 1948 alikuwa mbele katika mgomo mrefu dhidi ya mabwana wa sukari. Huyu hakuwa kibaraka. Machoni pake hazina ya visiwa vyote vitatu, St Kitts, Nevis na Anguilla, ilijazwa na jasho la wakata miwa wa St Kitts, na wenye viwanja wa Anguilla walikuwa wakidai zaidi ya walichochangia. Pia alikuwa waziri wa fedha wa Shirikisho la West Indies, muungano wa visiwa vya Karibi vya Mwingereza, lile lililoanzishwa 1958 likafa 1962 baada ya Jamaica kupiga kura ya kutoka. Aliliona likifa mikononi mwake. Mtu aliyepitia hayo, ukimwambia kisiwa cha watu 6,000 nacho kinatoka, atakusikilizaje?

Kwenye kuvunjika kwa shirikisho hilo la wanachama kumi, Eric Williams, kiongozi wa Trinidad, alisema kauli iliyobaki vinywani mwa watu: moja ukiitoa katika kumi, hubaki sufuri. Inafaa kuigeuza kidogo. Bunge la Bradshaw lilikuwa na wajumbe kumi wa kuchaguliwa. St Kitts saba, Nevis wawili, Anguilla mmoja. Mwaka 1966 chama cha Bradshaw kilitwaa viti vyote saba vya St Kitts na hakikupata hata kimoja nje yake. Huyo mmoja wa Anguilla angeweza kusema mchana kutwa. Hesabu ilikuwa imekwisha kabla hajasimama. Moja katika kumi, kwa Waanguilla, ndiyo iliyokuwa sufuri.

Hapo ndipo 27 Februari 1967 inapoingia. Siku hiyo Uingereza iliipa St Kitts utawala kamili wa mambo ya ndani, ikabaki na ulinzi na mambo ya nje. Vifijo Basseterre. Anguilla hawakuwa na umeme wala barabara ya lami, na simu zao zilizovunjwa na kimbunga mwaka 1955 hazikuwa zimerudishwa. Walichokuwa nacho ni mtu wa tatu wa kumlalamikia, yaani London, na siku hiyo akawa ameondolewa.

Wapo wanaowatetea Waanguilla kwa methali ya zimwi likujualo halikuli likakwisha. Utetezi huo nauona mbovu. Zimwi lililowajua lilikuwa St Kitts, na ndilo walilolikimbia. London haikuwajua hata kidogo, na nadhani waliipenda kwa sababu hiyo hiyo: bwana aliye mbali na asiye na hamu nawe hukuachia nafasi.

Serikali za Karibi zilizokwisha kujitawala zilisimama na St Kitts, na hofu yao ilieleweka, maana karibu kila moja ilikuwa na kisiwa chake kidogo chenye manung'uniko. Kwenye mkutano wa Barbados, Julai 1967, zilimbana Peter Adams, kiongozi wa Waanguilla, mpaka akatia saini ya kurudi. Aliporudi nyumbani saini hiyo ilikataliwa, na Ronald Webster akashika usukani.

Machi 1969 naibu waziri wa Kiingereza, William Whitlock, alifika na mpango wake, akafukuzwa siku hiyo hiyo. Alfajiri ya tarehe 19 wakaja askari zaidi ya 300 na makumi ya polisi wa London. Walipokanyaga mchanga waliona miale ikimulika gizani wakajua wamevamiwa. Zilikuwa kamera za waandishi wa habari. Hakuna aliyepiga risasi. Wahandisi wa jeshi wakabaki, wakatengeneza barabara, na Waanguilla wakapata kwa uvamizi kile ambacho maombi ya karne nzima hayakuwapatia. Kujitenga rasmi kulikamilika 19 Desemba 1980.

Gharama ipo, na wakosoaji wako imara zaidi hapa kuliko kwenye vichekesho vya 1967. Gavana bado anateuliwa kutoka London. Mwaka 2000 Uingereza ilibadilisha sheria ya makosa ya jinai katika makoloni yake ya Karibi, Anguilla ikiwemo, kuhusu uhusiano wa jinsia moja, juu ya pingamizi za wenyeji. Hata ukiiunga mkono sheria yenyewe, haikupitishwa na bunge lao. Mwaka 2009 majirani wa Turks na Caicos walisimamishiwa serikali yao nzima kwa tuhuma za rushwa. Anguilla wanajua linaloweza kuwapata. Kwa upande mwingine, kwa kuwa walijitenga walipewa alama yao ya intaneti, .ai, ambayo ni pia kifupi cha Kiingereza cha akili mnemba, na tangu akili mnemba ishike kasi dunia nzima inawalipa kodi ya herufi mbili: mwaka 2023 zaidi ya moja ya tano ya mapato ya serikali yao. Kama wangebaki St Kitts, herufi hizo zisingekuwa za mtu.

Naona walikuwa sahihi kuondoka, ingawa sina hakika walikuwa sahihi kukaa walipofikia. Hayo ni maswali mawili, na miaka yote hii tumewauliza kama moja.

St Kitts yenyewe ilijitawala 19 Septemba 1983 ikiwa na Nevis peke yake. Safari hii katiba iliwekwa kifungu kinachoiruhusu Nevis kuondoka ikipata theluthi mbili ya kura. Nevis walijaribu Agosti 1998, wakapata karibu asilimia 62, wakabaki.