Kura au Zamu: Kitabu cha Mwezi Kichaguliwe Vipi?

Chukua kundi la wasomaji arobaini kwenye WhatsApp. Tarehe 28 wanapiga kura, tarehe 30 mshindi anatangazwa, tarehe 1 kusoma kunaanza. Ikifika katikati ya mwezi, admini anauliza kila mtu amefika sura ya ngapi. Waliopiga kura walikuwa thelathini. Wanaojibu ni saba, na wawili kati yao bado wanauliza kitabu kinapatikana wapi. Mjadala unapofika watu watano wanazungumza, waliobaki wanaweka dole gumba.

Hapo ndipo ubishi huanza. Upande mmoja unasema kura ndiyo mbaya: mtu huchagua kwa kidole kitabu asichokusudia kukifungua. Bora kila mwanachama awe na mwezi wake, achague peke yake, wengine wamfuate. Upande wa pili unajibu kwamba zamu ni kumkabidhi mtu mmoja mwezi mzima wa watu arobaini. Pande zote mbili zina hoja za kweli, na kila moja ina mahali inapokwama.

Uzuri wa kura uko wazi: kitabu kinakuwa cha wote, na kikichosha hakuna wa kulaumiwa peke yake. Kazi yenyewe pia imerahisishwa, maana tangu mwishoni mwa 2022 WhatsApp ina kura ndani ya kundi, yenye nafasi hadi 12 za kujaza. Shida iko kwenye hesabu. Tuseme watu 30 wanachagua kati ya vitabu vitano, kila mtu kimoja. Riwaya ya upelelezi inapata kura 10. Riwaya ya kwanza kutoka Unguja inapata 8, ya pili kutoka huko huko 7, mkusanyiko wa hadithi fupi 3, diwani ya mashairi 2. Upelelezi umeshinda. Lakini watu 15, nusu ya kundi, walitaka riwaya ya Unguja. Wamegawanyika tu kwa sababu ziliwekwa mbili. Aliyeshinda amekataliwa na watu 20 kati ya 30, na hao 20 ndio watakaokosekana katikati ya mwezi.

Dawa ya hili ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani: ruhusu kila mtu atie alama kwenye kila kitabu ambacho yuko tayari kukisoma hadi mwisho, siyo anachokipenda kuliko vyote. Kura ya WhatsApp huanza ikiwa inaruhusu majibu zaidi ya moja. Maadmini wengi huizima ruhusa hiyo wakiamini kwamba mtu mmoja, jibu moja, ndiyo haki. Kwa kumchagua diwani wa kata, sawa. Kwa kitabu ambacho kila mmoja lazima akisome, kinachotafutwa ni kile chenye wengi walio tayari, na hicho mara nyingi si kile chenye mashabiki wakali. Ila njia hii nayo ina ulemavu wake, na tuuseme: huinua kitabu kisichomkera mtu. Mkusanyiko wa hadithi fupi uliopata kura 3 unaweza kuruka hadi 17 kwa kuwa hakuna anayeuogopa. Mwezi baada ya mwezi, kundi litajikuta linasoma vitabu vya wastani, na diwani haitashinda kamwe.

Jambo lingine hupita bila kusemwa. Kura ya WhatsApp si ya siri: ukigusa matokeo unaona nani kachagua nini. Kwenye kundi lenye mwalimu wa fasihi, au mzee anayeheshimika, akitangulia kuweka alama yake vijana wengi huifuata, si kwa woga bali kwa adabu. Mzee na admini wapige kura mwisho, saa za kufunga zikikaribia, au kura ihamishiwe Telegram, ambako kawaida majina ya wapigaji hayaonekani. Iachwe wazi siku tatu. Siku moja huwaacha nje wenye zamu za usiku na wanaonunua bando kwa wiki.

Zamu inafanya kile ambacho kura haiwezi. Diwani, tamthilia, tawasifu ya dereva wa treni, tenzi za zamani zenye maelezo pembeni, hivi huingia kwa mlango wa zamu peke yake. Na mwenye zamu ana la kumtuma: ni kitabu chake, atakitetea, ataanzisha mjadala hata kundi likiwa limelala. Watu hupenda kumsikiliza mtu anayekipenda kitabu.

Lakini tuhesabu. Wanachama 40, mtu mmoja kwa mwezi, ni miaka mitatu na miezi minne mpaka zamu imrudie wa kwanza. Aliyeko namba 31 amekwisha kuondoka kabla hajafikiwa. Kuna anayepewa mwezi kisha akapotea hewani wiki ya kwanza. Kuna anayeleta kitabu cha rafiki yake aliyekichapisha juzi, na kundi likashindwa kukisema vibaya mbele ya mwandishi aliyeongezwa kundini siku hiyo hiyo. Na kuna anayechagua kitabu ambacho yeye mwenyewe hajakisoma, kwa jina tu. Hili ndilo baya zaidi, kwa sababu hajui kwamba kuanzia sura ya tatu kinahitaji subira, na hana la kuwaambia wanaokata tamaa hapo.

Mpaka hapa mizani inaonekana kulingana. Kinachoilemeza kiko nje yake: kitabu chenyewe kinapatikana?

Wasomaji wa Kiswahili wana tatizo ambalo ushauri wa makundi ya Ulaya na Marekani hauligusi. Sehemu kubwa ya riwaya zetu zinazotajwa kila mara zilitoka miaka ya 1970 na 1980, na waliozichapisha wengine hawapo tena. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitolewa mwaka 1971 na East African Literature Bureau, shirika lililokuwa la nchi tatu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika hilo likafa nayo. Rosa Mistika ilipata wachapishaji wengine baadaye na ikaendelea kuishi. Vingine vya rika lake havikupata. Ndiyo maana mtu wa Morogoro anaweza kuwa na nakala aliyorithi kwa baba yake, na mtu wa Muscat akatafuta mwezi mzima asione hata jalada. Kundi likipiga kura bila kujua hilo, limechagua kitabu cha watu watatu.

Kwa hiyo kila pendekezo lipite kwenye uchunguzi kabla halijafika kwenye kura au kukubaliwa kama zamu, na anayependekeza ndiye aufanye. Apige simu kwenye maduka ya vitabu ya miji mitatu walipo wanachama wengi, kwa mfano Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa. Asiulize "Mnacho?" kwa sababu jibu litakuwa "Kipo", na kilichopo ni nakala mbili rafuni. Aulize "Leo mna nakala ngapi, na nikitaka kumi zitachukua siku ngapi?" Wasomaji ishirini wakiingia mjini wiki moja wanaweza kumaliza akiba ya duka zima. Kisha amuulize mchapishaji mwenyewe kama anauza moja kwa moja na kama kuna punguzo kwa nakala kumi. Wengi hulitoa, hawaulizwi tu. Kwa walio nje, aangalie kama kuna toleo la kielektroniki au kama kitabu kiko kwa African Books Collective, wanaosambaza vya wachapishaji wa Afrika huko Ulaya na Marekani, vikiwemo vya Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam. Majibu yaandikwe mistari minne chini ya jina la kitabu: kurasa, bei, kinapopatikana, siku za kufika.

Wengine hukwepa kazi yote hii kwa kurusha kundini picha za kurasa zilizopigwa kwa simu. Inaeleweka kwa nini, na bado ni makosa. Soko la riwaya ya Kiswahili ni dogo kiasi kwamba nakala ishirini kwa mwezi mmoja ni mauzo ambayo mchapishaji anayaona. Kundi linalosoma kwa picha linamwambia mchapishaji kwamba kitabu hicho hakina wasomaji, na ndipo hakichapwi tena.

Sasa tuione hatari ya uchunguzi huu, maana si ndogo. Ukiweka sharti la upatikanaji peke yake, vinavyopita kwa urahisi ni vitabu teule vya shule. Nchini Kenya, Chozi la Heri ilipokuwa riwaya ya mtihani ilijaa kila duka, na Nguu za Jadi iliyoipokea vivyo hivyo. Ni riwaya zinazostahili kusomwa na mtu mzima. Lakini huja na kivuli cha darasa: mwongozo wake unauzwa pembeni, na mjadala hugeuka dhamira, wahusika, mbinu za lugha, kana kwamba kuna mtihani kesho. Kundi likikichagua, mwenye kuongoza apige marufuku maswali ya namna hiyo na aulize ambayo mwongozo haujibu: ni wapi uliacha kumwamini msimulizi, ni ukurasa gani uliurudia. Vinginevyo wasiosoma sekondari Kenya watakaa kimya, na wale waliosoma watakariri.

Upatikanaji pia huvuta kuelekea tafsiri. Abdulrazak Gurnah alipopata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, mwaka uliofuata riwaya yake Paradise ilitoka kwa Kiswahili kama Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Kundi lenye watu London na Tanga litakuwa na wasomaji wa matoleo yote mawili. Hilo ni neema likipangwa: soma aya moja kwa lugha mbili, na utaona mjadala wa saa nzima unazaliwa hapo. Lisipopangwa, watu hutaja kurasa zisizolingana na kila mmoja anamwona mwenzake hajasoma. Kanuni ni kutaja sura, kamwe si ukurasa, na inafaa hata kwa kitabu cha Kiswahili chenye matoleo mawili.

Urefu nao hupimwa vibaya. Ukurasa wa riwaya una maneno kama 300. Kurasa 200 ni maneno 60,000. Kwa mwendo wa maneno 150 kwa dakika hizo ni dakika 400. Anayesoma dakika 20 kila usiku atamaliza kwa siku 20, zikabaki kumi za kutafuta kitabu na kujadili. Kurasa 320, kwa mwendo huo huo, ni siku 32: mwezi umekwisha kabla ya kitabu. Kitabu cha namna hiyo kipewe miezi miwili tangu mwanzo, kigawanywe nusu kwa nusu, kwa sababu kuongeza muda katikati huwaadhibu waliosoma kwa wakati. Hata hivyo hesabu hii ina mwisho wake. Nagona ya Kezilahabi haifiki kurasa mia, na mtu anayeichagua kwa wembamba wake atashangaa: inasomwa mara mbili au haisomwi. Kwenye ile mistari minne iongezwe wa tano, wa ugumu, uandikwe na mtu aliyekimaliza.

Ukiyaweka haya pamoja, swali la nani achague linapungua ukali. Kundi lisilozidi watu kumi na tano liende kwa zamu. Watu wanajuana, na mwaka mmoja na ushei unamfikia kila mtu. Kundi kubwa lichanganye: mwenye zamu alete vitabu vitatu alivyovisoma na kuvichunguza, wengine watie alama kwa vyote walivyo tayari kuvimaliza. Vitatu, siyo vitano, ili visigawane wapenzi wa aina moja, na kimojawapo kisiwe riwaya. Zamu wapewe waliohudhuria mijadala mitatu iliyopita. Hilo litalalamikiwa, na lishikiliwe: anayesoma ndiye anayejua kundi linaweza kubeba nini. Kila mwezi wa nne kura ipumzike, mwenye zamu achague peke yake. Hapo ndipo diwani itakapopita.

Kura nayo isipigwe tarehe 28 kwa mwezi unaoanza tarehe 1. Cha Septemba kichaguliwe wiki ya kwanza ya Julai. Wiki nane zinatosha kuagiza, kupata punguzo, na kumfikia aliye Lubumbashi au Toronto. Kilichoshindwa kirudi kwenye orodha mara moja zaidi. Kikishindwa tena kipumzike miezi sita, kisije kuwa kero ya mtu mmoja kila mwezi.

Inabaki riwaya ya 1975 ambayo nakala zake zinahesabika. Isifutwe kwa kukosa maduka. Itengewe mwezi wake mara moja kwa mwaka, itangazwe miezi minne kabla. Waulizwe kwanza wenye nakala nyumbani. Nakala tano kwa wasomaji ishirini ni watu wanne kwa kila nakala, siku kumi kila mmoja na siku mbili za kuipakia kwenye basi kwenda mji unaofuata. Jina na tarehe ya kila aliyeipokea yaandikwe kwenye karatasi iliyochomekwa ndani ya jalada, si kwenye kitabu, na ifungwe kwa nailoni kabla ya bahasha, maana karatasi za miaka hiyo zikiingia maji hazikauki zikarudi kama zilivyokuwa.