Kaka, Sikukuona!

Wenye magari wakiniona nashuka kwenye pikipiki hunionea wivu ambao siuelewi. "Wewe una raha bwana, foleni unaisikia redioni tu." Nacheka kwa adabu, maana nikianza kuwajibu tutakesha. Foleni naijua kuliko wao. Mwenye gari foleni anaikalia: kafunga vioo, kawasha kiyoyozi, kakunja mguu, anaangalia video kwenye simu. Mimi foleni naipenya. Goti hili limekwaruza bampa la huyu, goti lile limekwaruza bampa la yule, na lori lililo mbele yangu linanipulizia moshi usoni kila dereva anapokanyaga mafuta kusogea hatua mbili.

Hayo yote ningeyavumilia. Linalonimaliza ni kwamba nikishapanda pikipiki, sionekani. Sisemi kudharauliwa, hilo nimelizoea nyumbani na kazini. Nasema kutoonekana kwa macho haya ya kawaida. Koti langu ni la kijani kile kinachong'aa, nikiingia nalo ofisini watu wanakunja uso. Taa nawasha mchana kweupe, jua la utosi. Honi ninayo na naipiga. Lakini gari likitoka barabara ya pembeni, dereva anageuza shingo, ananikazia macho kabisa, mpaka nadhani anataka kunisalimia, halafu anaingia barabarani mbele yangu. Nabana breki zote mbili, tairi la nyuma linalia, nasimama mkono wa klachi umegusa mlango wake. Anashusha kioo pole pole, wala hana haraka.

"Aah, kaka! Sikukuona!"

Hukuniona? Sasa ulipogeuza shingo ulikuwa unatazama nini, mandhari?

Kumbe wataalamu walishalifanyia kazi jambo hili zamani. Mwaka 1981 ilitoka ripoti ya Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California, waliochunguza ajali za pikipiki zaidi ya 900 za kule Los Angeles, tena kwa kwenda zilikotokea. Wakakuta kwamba gari na pikipiki zikigongana, mara nyingi mwenye gari ndiye aliyekata njia ya mwenzake, na maelezo yake ni yaleyale: sikumwona, au nilimwona maji yakiwa yamezidi unga. Los Angeles hiyo, barabara pana namna ile! Niliposoma nilifarijika kidogo, kisha nikaogopa zaidi.

Sababu zenyewe zinaudhi. Ile nguzo ya pembeni mwa kioo cha mbele cha gari inatosha kuificha pikipiki nzima pamoja na abiria na furushi lake. Halafu jicho la binadamu likiona kitu kidogo kinakuja, hujiambia kwamba bado kiko mbali, kitachelewa kufika. Lori likija kwa mwendo wangu huohuo, watu wote wanasubiri. Nikija mimi, wanaona muda upo tele. Mke wangu ananisihi nipunguze tumbo. Namwambia mama, hiki ni kifaa cha usalama barabarani.

Na wala si macho ya watu peke yake. Zipo taa za kuongozea magari ambazo hazibadiliki mpaka zijue kuna anayesubiri. Chini ya lami pamezikwa waya unaohisi chuma kikisimama juu yake. Gari likifika, taa inajua mgeni amekuja. Nikifika mimi na kipikipiki changu cha injini ndogo ya cc 125, waya umenyamaza. Fikiria usiku, njia panda haina hata paka, mimi na taa nyekundu tunatazamana. Nasogea mbele. Narudi nyuma. Nautafuta ule mchirizi kwenye lami walikozibia waya, nakaa juu yake, nainamisha pikipiki iukaribie. Wapi! Inabidi nisubiri gari lije nyuma yangu liniombee ruhusa, na likija linanipigia honi, dereva anadhani nimesinzia. Kuna majimbo ya Marekani yana sheria inayomruhusu mwenye pikipiki kuvuka nyekundu kwa uangalifu akishasubiri vya kutosha. Huko angalau wakubwa wamekiri kwa maandishi kwamba taa hainioni.

Lakini sasa subirini muujiza. Yule yule asiyeniona njia panda, nikianza kupita katikati ya mistari miwili ya magari yaliyosimama, macho yanamfunguka. Ananiona kwenye kioo cha pembeni tangu niko mbali. Foleni haijasogea, haitasogea leo, lakini yeye anakata usukani kidogo, anasogea sentimita kumi kando, uwazi unaziba. Hana anakokwenda. Ametumia petroli yake mwenyewe ili na mimi nisiende. California walitunga sheria mwaka 2016 wakaitambua rasmi hii kazi ya kupita katikati ya magari. Kwingine ni kosa, ujue sheria ya kwenu. Ila hata huko California sijui kama sheria inaweza kumtibu mtu kijicho.

Wivu wa huyo angalau nauona unakuja. Mlango siuoni. Kuna abiria wa ajabu, amekaa kwenye gari saa nzima kimya, anaamua kushuka hapohapo katikati ya barabara sekunde ile mimi napita. Mlango unafunguka wote kwa mpigo. Anayeshuka akikuona umesimama vidole viwili kutoka kwenye mbavu zake, anakwambia wewe ndiye unayekimbiza.

Na joto je? Injini nyingi za pikipiki ndogo hupozwa na upepo. Upepo unatokana na mwendo, na mwendo ndio hakuna. Kwa hiyo foleni ikigoma, silinda inachemka katikati ya magoti yangu, suruali inanuka kama pasi imesahauliwa juu ya nguo. Nikiinua mguu kuukwepa moto, pikipiki inainama. Nikiushusha, naungua. Mkono wa kushoto nao kazi yake ni klachi: bana, achia nusu, sogea, bana tena, mpaka jioni vidole vimekaa mkao wa kushika kitu hata nikiwa sijashika kitu. Na kwa nini pua huwa haiwashi mpaka nifunge kofia? Niko katikati ya malori mawili, mkono mmoja kwenye klachi, mwingine kwenye mafuta na breki ya mbele, ncha ya pua inaanza. Nakunja uso. Napuliza kwa mdomo kwenda juu. Nasugua pua kwenye sponji la kofia, kioo kinajaa ukungu, sasa inawasha na sioni. Nikipata nafasi nainua kioo haraka nipeleke kidole, glavu nene inagonga jicho.

Tusiwalaumu sana watengenezaji wa leo, balaa lilianza siku ya kwanza. Mwaka 1885 Mjerumani Gottlieb Daimler na mwenzake Wilhelm Maybach waliunda chombo cha mbao cha magurudumu mawili, na viwili vidogo vya kukishikilia pembeni, injini ya petroli wakaiweka chini ya kiti. Inasimuliwa kwamba mtoto wa Daimler alipokiendesha mara ya kwanza, kiti kilishika moto. Kiti! Mtu mwenye akili angeizima injini, akamwagia maji, akarudi kwenye farasi. Wao wakaona mambo yanakwenda vizuri.

Mvua sitaki hata kuizungumzia. Ikianza tu kunyunyiza, vumbi na mafuta yaliyodondoka kwenye lami vinageuka utelezi, na ile mistari myeupe waliyoichora kunionyesha njia inakuwa ndiyo ya kuniangusha. Mifuniko ya chuma ya mitaro nayo hivyohivyo. Nikikimbilia chini ya daraja nakuta wenye pikipiki wenzangu wamejaa tele, kila mmoja anaangalia juu kama aliyeahidiwa kitu. Dimbwi linakuwa limetulia mbele, halisemi lina kina gani. Shimo la jana lilikuwa la kifundo cha mguu. La leo naligundua kwa uti wa mgongo.

Ningependa kusema abiria ananipa moyo. Abiria wangu mkubwa ni shemeji. Nikiingia kona nikilala kushoto, yeye analala kulia, ananiambia anasawazisha. Nikishika breki, kofia yake inagonga yangu kwa nyuma: ko! Nikibadili gia: ko! Njia nzima nabishiwa hodi kichwani. Akiona jengo analolijua ananyoosha mkono kulionyesha, magari ya nyuma yanadhani tunakata kona, yanatupita upande wa pili kwa matusi. Na anapenda kuongea tukiwa kwenye mwendo.

"...mama... hospitali!" nasikia.

"Nani?"

"...mama!"

Naogopa. Nawasha indiketa, nahangaika kuvuka njia mbili za magari, ambazo bila shaka hazinioni, nasimama pembeni, nainua kioo. "Mama amefanyaje?"

"Nilikuwa nasema ile hospitali ndipo mama alipojifungulia dada." Akashuka kunyoosha miguu.

Basi nilishakubali yaishe. Nikajiambia kama sionekani, na faida zake nizipate. Kuna bwana mmoja ananidai, ofisi yake iko ghorofa ya nne, barabara ambayo kwa kawaida napita kila asubuhi. Tangu mwisho wa mwezi nikawa napita pale nimeinamia tanki, kofia imefungwa, kioo cheusi nimekishusha, katikati ya basi na lori. Mama yangu mzazi asingenitambua. Juzi simu ikaita.

"Bwana mkubwa! Naona unanipita tu kila siku, hata kunipungia mkono?"

Nikamwambia labda ananifananisha, pikipiki za namna ile ziko nyingi mjini, na mimi siku hizi natembea kwa basi.

Akanitajia namba ya pikipiki, tarakimu zote na herufi zake, akaongeza kwamba taa ya nyuma haiwaki.