Ninavyo, Ila Sivitaki

Nilipoingia katika kazi ya tathmini sikupewa hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi yenyewe, nizisome. Nilipewa kishikwambi, orodha ya zahanati kumi na moja, na fulana yenye nembo ya mradi uleule wa uzazi wa mpango tuliokwenda kuutathmini, jambo ambalo leo lingenikosesha usingizi lakini siku ile nilifurahia fulana. Wengi wetu huingia hivyo. Dodoso linakuja likiwa limekwisha kupitishwa na mfadhili pamoja na kamati ya maadili, sisi chipukizi tunafundishwa kwa siku tatu namna ya kulisoma kwa sauti bila kubadili neno, kisha tunapakiwa kwenye gari. Nidhamu hiyo siilaumu, kwa kuwa swali likiulizwa na watu kumi na wawili kwa namna kumi na mbili, majibu yake hayajumlishiki. Ninacholalamikia ni kwamba sisi tunaokaa na wanawake ana kwa ana tunaletwa wakati hakuna tena swali linaloweza kurekebishwa, na tunaondoka kabla hakijaandikwa hata kifungu kimoja cha ripoti.

Katika zahanati moja ya kijijini, Kanda ya Ziwa, nilikaa na mama mmoja kwenye benchi karibu na tanki la maji, maana chumba pekee chenye mlango kilikuwa kikitumika kupima wajawazito. Alianza yeye kunihoji. Wewe mdogo wangu umeolewa? Bado, dada. Mtoto je? Sina. Akacheka, akasema basi niulize tu, atanielewesha. Nilipofika kwenye swali la kama kwa sasa anatumia njia yoyote ya uzazi wa mpango, alipandisha mkono wa blauzi, akakishika kidole changu na kukipitisha juu ya ngozi ya ndani ya mkono wake mpaka nikavigusa vijiti vyote viwili vya kuzuia mimba vilivyowekwa chini ya ngozi.

"Ninavyo," akasema, "ila sivitaki."

Alikuwa amekwenda mara tatu kuomba vitolewe, kwa sababu damu ilikuwa ikitoka bila mpangilio na nyumbani maneno yalikuwa yameanza. Mara ya kwanza aliambiwa avumilie, kwamba hayo ni maudhi madogo madogo, yatapita. Mara ya pili mtaalamu hakuwapo. Mara ya tatu aliambiwa asubiri siku ambayo timu ya mradi itakuja na vifaa. Kishikwambi kilikuwa na majibu mawili, Ndiyo na Hapana. Nikabonyeza Ndiyo.

Kwa kubonyeza vile nilimwingiza mama huyo kwenye hesabu ya mafanikio, naye alikuwamo tayari kwa njia nyingine. Miradi mingi ya uzazi wa mpango hujipima kwa miaka ya kinga ambayo kila njia inampatia mtumiaji. Sindano nne za miezi mitatu mitatu hufanya mwaka mmoja, ilhali vijiti vya miaka mitano huhesabiwa miaka 3.8 siku ileile vinapowekwa. Kipimo chenyewe si cha kipuuzi, kwani waliochagua 3.8 badala ya 5 walikwisha kuzingatia kwamba baadhi ya wanawake huvitoa kabla ya muda. Lakini mradi ukishaandikiwa 3.8 zake, hakuna kitu kinachoweza kuzigusa tena, vijiti vitolewe mwezi unaofuata au mwenye navyo akatae kuendelea navyo na kurudishwa nyumbani mara tatu. Mteja mmoja wa vijiti ana uzito sawa na sindano kama kumi na tano, na mhudumu anayefuatiliwa kwa kipimo hicho hahitaji kuambiwa ni njia ipi aizungumzie kwa uchangamfu zaidi.

Kesho yake kazi yangu ilikuwa kulinganisha rejesta ya uzazi wa mpango ya MTUHA, yaani vitabu vya kumbukumbu za huduma vya zahanati, na taarifa za mwezi zilizoingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Nilijumlisha mistari ya miezi mitatu kwa kalamu, na tofauti ikawa wateja wawili tu. Sista wa zamu alifurahi, nami nikafurahi pamoja naye; kwa vigezo vya ubora wa takwimu zahanati ile ilikuwa imefaulu. Nilipokuwa nafunga rejesta ndipo nikang'amua kwamba humo huandikwa huduma iliyotolewa, na aliyekuja akarudishwa hana mstari. Sista mwenyewe simlaumu. Kutoa vijiti kunahitaji ganzi, kisu, koleo na mkono uliozoea, hasa vikiwa vimezama, naye alikuwa amefundishwa kuviweka tu, na siku ile peke yake alikuwa akichanja watoto, akipima wajawazito na kumsikiliza mama mmoja aliyeanza uchungu.

Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu idadi ya watu na maendeleo, uliofanyika Kairo mwaka 1994, ulikubaliana kwamba ni haki ya kila mtu kuamua kwa hiari idadi ya watoto wake na lini awapate, na karibu kila andiko la mradi wa afya ya uzazi nililowahi kulisoma linaitaja haki hiyo katika kurasa za mwanzo, kisha haki hiyo haionekani tena tukifika kwenye jedwali la viashiria, yaani vipimo vya mafanikio. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 32 ya wanawake walioolewa nchini Tanzania walikuwa wakitumia njia za kisasa. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 31. Katika kipindi hichohicho waliojifungulia kwenye vituo vya huduma walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Sidai kwamba ugumu wa kupata kutolewa vijiti ndio uliokwamisha namba ya kwanza. Nasema kwamba anayehesabu waliowekewa peke yao hana njia ya kujua kwa nini haisogei.

Jioni ile nilimweleza msimamizi wa timu yetu. Aliniambia niandike kwenye sehemu ya maelezo mengine, nikaandika. Mkataba wangu ulikuwa wa siku ishirini, ukaisha, na ripoti niliiona miezi kadhaa baadaye kwa kutumiwa na rafiki. Maelezo mengine hayakuwamo.

Wakubwa wetu katika fani husema, na si bila sababu, kwamba vijana tunabebwa na kisa cha mtu mmoja. Ni kweli kwamba mama mmoja hawezi kutuambia wangapi wako katika hali yake. Lakini mama mmoja anatosha kabisa kuonyesha kwamba swali lina majibu mawili mahali palipohitaji matatu, na kasoro ya namna hiyo haiwezi kuonekana na mtu aliye Dodoma au Geneva, hata awe na shahada ngapi, kwa sababu data inayomfikia tayari imekwisha kulazimishwa kuwa Ndiyo. Kwa hiyo sisi tuitwe dodoso likiwa bado rasimu, twende nalo kwenye majaribio tukiwa na ruhusa ya kulikosoa, na siku mbili za mkataba zitengwe kwa ajili ya kukaa na wachambuzi kabla ripoti haijafungwa. Gharama yake ni posho ya siku chache. Nasi tujifunze kupaza sauti mapema. Mimi nilibonyeza kwanza, nikasema baadaye.

Katika kazi iliyofuata niliomba kuiona rasimu, na mtathmini kiongozi, mama mmoja mtaratibu sana, akanitumia akitaka maoni yangu kabla ya Ijumaa. Nilipendekeza maswali mawili kwa wanaotumia njia: kama wangependa kuendelea nayo, na kama waliwahi kuomba kutolewa wasitolewe. La kwanza lilikubaliwa. La pili liliondolewa, kwa maelezo kwamba dodoso lilikuwa limeshazidi dakika arobaini.