Umeme Ukikatika, Bweni Likalike

Chuo kikitaka kuonyesha kuwa kimejiandaa kwa kukatika kwa umeme, huonyesha jenereta. Mgeni hupelekwa nyuma ya jengo la utawala, akaambiwa mashine inawaka yenyewe ndani ya sekunde 10. Vizuri. Lakini ulizia inalisha nini. Kwa kawaida ni taa za dharura, king'ora cha moto, lifti moja, chumba cha seva, na friza za maabara zinazotunza sampuli kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Viyoyozi havimo, hita hazimo, na mabweni mara nyingi yameachwa nje kabisa. Sampuli zimepangiwa, wanafunzi hawajapangiwa. Jambo hili linaniuma, ndiyo maana naandika.

Sisemi friza zizimwe. Mle ndani kuna kazi ya miaka. Ninachosema ni kwamba jengo lenyewe liwe kinga ya kwanza, mashine zije baadaye. Jengo lisilokalika saa mbili tu baada ya umeme kwenda lilikosewa tangu kwenye ramani.

Chukua ukumbi wa mihadhara. Mtu aliyekaa tu kwenye kiti hutoa joto la wati 100 hivi. Watu 200 ni kilowati 20, sawa na kuwasha hita 10 za wati 2,000 humo humo. Kiyoyozi kikizimika, na kuta ni vioo visivyofunguka, joto linapanda kwa kasi na hewa inakuwa nzito. Hapo hakuna cha "tuvumilie kidogo, namalizia". Mhadhiri atoe watu nje. Iwe kanuni iliyoandikwa, isiyosubiri simu ya mkuu wa idara.

Madirisha ndiyo ugomvi wangu mkubwa. Wasanifu wengi huyaziba moja kwa moja ili ubaridi wa kiyoyozi usipotee, na umeme ukienda jengo linabaki chupa yenye kizibo. Dirisha la chini upande mmoja na tundu la juu upande wa pili huvuta hewa bila feni, kwa kuwa hewa ya moto hupanda na kutafuta pa kutokea. Jua nalo lizuiwe likiwa bado nje, kwa kibaraza au mti, kwa sababu likishapita kwenye kioo pazia haliwezi kulirudisha lote. Jengo la Eastgate mjini Harare, lililofunguliwa 1996 kwa usanifu wa Mick Pearce, lina zege zito linalomeza joto mchana, kisha hewa ya usiku hupitishwa humo kulipoza. Lile ni la ofisi na maduka, na feni zake zinahitaji umeme, lakini bweni lenye kuta nene na madirisha yanayofunguliwa usiku linaweza kupata sehemu ya faida hiyo bila feni hata moja.

Baridi ina mambo yake. Maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi, na bomba likipasuka unakosa joto na maji kwa pamoja; mafundi wayatoe maji kwenye mabomba mapema. Wanafunzi wajikusanye kwenye vyumba vichache vinavyopata jua, milango ifungwe. Na asiingize mtu jiko la mkaa wala jenereta ndogo ndani, hata kwenye korido, hata dirisha likiwa wazi. Vyote hutoa monoksidi ya kaboni, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Texas, Februari 2021, umeme ulipokatika kwenye baridi kali, wapo waliokufa kwa baridi na wapo waliouawa na hewa hiyo wakitafuta joto.

Ila kinachowatoa watu bwenini upesi kuliko yote, kwa maoni yangu, ni choo. Pampu ikisimama, ghorofa za juu hukosa maji, na siku ya pili harufu imeshafika kwenye ngazi. Tangi juu ya paa, linaloshusha maji bila pampu, ni la lazima. Kila choo kiwe na ndoo yake tangu mapema. Lita 6 hivi zikimwagwa kwa mkupuo mmoja zinasukuma uchafu, zikimwagwa kidogo kidogo zinapotea bure.

Halafu kila chuo kichague ukumbi wa kukimbilia: uwe ghorofa ya chini, wenye madirisha ya kufunguka, maji, choo, na umeme wa jenereta wa kutosha feni au hita chache. Wanafunzi waujue tangu wiki ya kwanza. Iwepo pia orodha ya wasioweza kuufikia wenyewe: anayetumia kiti cha magurudumu ghorofa ya sita huku lifti imekufa, anayelala na mashine ya kupumulia, anayetunza insulini kwenye friji. Chicago, Julai 1995, joto liliua watu zaidi ya 700, wengi wao wazee walioishi peke yao. Mwanafunzi aliyebaki bwenini wakati wa likizo, wenzake wote wameondoka, hayuko mbali na hali hiyo. Kila korido iwe na mtu aliyekabidhiwa kugonga milango, tena awe na funguo za chuma, maana baadhi ya kufuli za kadi nazo hutegemea umeme ule ule.