Kufutiwa Mashtaka Si Kuachiwa Huru

Kila mara Mkurugenzi wa Mashtaka anapoieleza mahakama kwamba hana nia ya kuendelea na kesi, mitandao ya kijamii hapa Tanzania hujaa pongezi kwa mshtakiwa "aliyeachiwa huru", na baadhi ya vyombo vya habari huandika hivyohivyo. Kwa maoni yangu matumizi hayo yana madhara, kwa sababu yanawaambia ndugu wa mshtakiwa jambo ambalo mahakama haikulisema.

Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, mashtaka yakiondolewa kwa njia hiyo mshtakiwa huachiwa, lakini kuachiwa huko peke yake si kinga dhidi ya kushtakiwa tena kwa mambo yaleyale. Anayeachiwa huru ni yule ambaye mahakama imepima ushahidi dhidi yake na kuona kwamba hana kesi ya kujibu, au kwamba upande wa mashtaka umeshindwa kuthibitisha shtaka pasipo kuacha shaka. Huyo hawezi kushtakiwa upya kwa kosa lilelile, ingawa upande wa mashtaka unaweza kukata rufaa. Familia isiyoelezwa tofauti hii hufanya dua ya shukrani, kisha hupigwa na butwaa mtu wao anapokamatwa tena, pengine kabla hajatoka viwanja vya mahakama.

Uzembe huohuo huwaumiza walio mahabusu. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla hatia yake haijathibitika, lakini anayesubiri kesi ya mauaji, ambayo haina dhamana, mtaani huitwa mfungwa, na picha yake husambazwa chini ya neno "muuaji". (Mwenye dhamana naye huhesabiwa kuwa ameshinda, ilhali kesi yake inaendelea.)

Tangu 2021 sheria inatamka kwamba Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama, kwa hiyo sioni tena udhuru wa kuandika habari za mahakamani kwa kukisia. Mwandishi amuulize karani au wakili wa utetezi kama mashtaka yameondolewa au hukumu imetolewa, na jibu hilo aliweke katika sentensi ya kwanza ya habari yake.