Lenzi ndogo za zumu na lawama ya mistari iliyopinda

Kila inapotoka lenzi ndogo ya zumu, yaani inayoweza kuvuta picha karibu au kuipanua, kwa ajili ya kamera zisizo na kioo cha kuakisi, lawama huwa ni ile ile: mtengenezaji amebana vioo vya ndani ya lenzi, kisha akaiachia programu ya kamera kazi ya kunyoosha mistari iliyopinda. Mtu anayefungua faili ghafi (picha kama ilivyopigwa, kabla ya kurekebishwa) la lenzi ya Sony ya milimita 16 hadi 50, iliyotoka mwaka 2012, katika programu isiyosoma maelekezo ya urekebishaji, huona kuta za jengo zimevimba kuelekea nje na kona za picha zimeingia giza, na hapo hapo husema ameuziwa lenzi mbovu. Lawama hiyo haikutoka hewani. Hata hivyo, inachanganya kasoro za aina mbili ambazo msanifu wa lenzi hawezi kuzichukulia kuwa sawa.

Kasoro ya kwanza ni ile inayosambaza nukta ya mwanga. Nukta iliyopaswa kuangukia pikseli moja huenea juu ya pikseli kadhaa na kuchanganyika na za jirani yake. Zikishachanganyika, programu inaweza kuongeza ukali wa kingo, lakini haiwezi kurudisha kwa uhakika kile ambacho kihisi, sehemu ya kamera inayopokea mwanga, hakikukipokea kikiwa kimetengana. Kasoro ya pili huihamisha nukta tu. Nukta inabaki kali, isipokuwa imetua mahali pasipo pake, na kwa kuwa uhamisho huo unajulikana kwa kila urefu wa fokasi (zile milimita zinazosema lenzi inavuta kiasi gani), kuirudisha ni suala la hesabu. Mpindo wa pipa, yaani mistari kuvimba kuelekea nje kama ubavu wa pipa, uko katika kundi hili la pili, pamoja na zile rangi zinazoachana pembeni mwa picha. Msanifu mwenye vioo vinane hawezi kuzishinda kasoro zote kwa pamoja. Akiacha mpindo ushughulikiwe na hesabu, vioo vyake vyote vinabaki huru kupambana na usambaaji, ambao hauna dawa nyingine.

Matunda yake yanapimika. Lenzi ya Panasonic ya milimita 14 hadi 45, iliyokuja na kamera ya G1 mwaka 2008, ilikuwa na vioo 12, urefu wa milimita 60 na uzito wa gramu 195. Mwaka 2013 kampuni hiyo hiyo ilitoa lenzi ya milimita 12 hadi 32 pamoja na kamera ya GM1: vioo 8, milimita 24 ikiwa imekunjwa, gramu 70. Ni kweli kwamba mpya haifiki mbali kama ya zamani, na wenye kupiga picha za sura za watu wana haki ya kulisikitikia hilo. Lakini upande wa mapana inachukua eneo kubwa zaidi, na ikifungwa kwenye kamera yake, vyote viwili kwa pamoja havifiki gramu 280. Kamera ya uzito huo mtu hutoka nayo nyumbani hata siku ambayo hakupanga kupiga picha.

Swali la haki ni gharama ya kunyoosha huko, na hapa hesabu inastahili kufanywa badala ya kubishana kwa hisia. Tuchukue lenzi ambayo mpindo wake wa pipa kwenye kona ni asilimia 6, tukikadiria kwamba mpindo unakua kwa mraba wa umbali kutoka katikati. Kwenye kona yenyewe, picha italazimika kuvutwa kuelekea nje kwa takriban asilimia 22, yaani kila pikseli 100 za picha iliyokamilika zinajazwa na taarifa za pikseli 82 zilizopigwa. Hiyo si hasara ya kupuuzwa. Lakini tukirudi nusu ya njia kutoka katikati hadi kona, mvuto unashuka chini ya asilimia 5, kiasi ambacho jicho halitakiona kwenye picha iliyochapishwa. Hasara imerundikana mahali padogo, mbali na pale ambapo kwa kawaida mada ya picha hukaa. Sasa linganisha na njia mbadala: vioo vile vile vinane vikalazimishwa kunyoosha mistari, nukta ya kona ikasambaa juu ya pikseli tatu. Anayeidai lenzi hiyo kwa jina la usafi wa kioo atapata mistari iliyonyooka na majani ya mti yaliyogeuka kuwa uji.

Kwa nini wasanifu wa zamani hawakufanya hivyo? Kwa sababu katika kamera yenye kioo cha kuakisi, mpigapicha alitazama moja kwa moja kupitia lenzi, na mpindo wote angeuona. Kamera isiyo na kioo hicho humwonyesha picha iliyotoka kwenye kihisi, ikiwa imeshanyooshwa.

Yapo mambo ambayo wakosoaji wako sahihi nayo. Giza la kona si sawa na mpindo: kona ikipokea robo ya mwanga wa katikati, programu huzidisha mwanga huo mara 4 na chengachenga, yaani vidoa vidoa vinavyochafua picha, zikazidi nao. Tundu la lenzi linalopitisha mwanga pia halina ujanja. Milimita 32 kwa f/5.6, yaani 32 ikigawanywa kwa 5.6, ni tundu lenye kipenyo cha chini kidogo ya milimita 6, na ndani ya chumba chenye taa moja hakuna programu itakayoongeza mwanga ambao haukuingia.

Lakini jambo ambalo ningependa walisemee kwa nguvu zaidi, nao hulitaja kwa nadra, ni umakanika. Ili lenzi ijikunje, mirija yake huingiana, na kila mrija unaoteleza unahitaji nafasi. Nafasi hiyo ikizidi kidogo, kundi la vioo hulala upande na nusu moja ya picha hupoteza ukali. Hii ni kasoro ya kusambaza, haina hesabu ya kuirudisha, na hutofautiana kati ya lenzi moja na nyingine ya aina ile ile. Zumu ya mota huongeza tatizo jingine: lenzi hufunguka yenyewe kila kamera inapowashwa, hata ikiwa ndani ya mkoba, na mota ikisukuma mrija uliozuiwa, kitu hulegea. Lenzi ya milimita 12 hadi 32 huzungushwa kwa mkono, na kwangu uamuzi huo mmoja wa usanifu una thamani kubwa kuliko asilimia zote za mpindo zinazojadiliwa. Mnunuzi anayetaka kuikagua lenzi ya aina hii na apige picha ya ukuta wa matofali akiwa ameukabili sawasawa, kisha alinganishe ukali wa kona ya kushoto na ya kulia, kabla ya kuhangaika na faili ghafi.